Maswali ya reli: Rangi haileti treni

Barua nyingi safari hii zimetoka njia ya Kisumu–Butere, na nyingi zinauliza jambo moja. Tulimalize hilo kwanza.

Treni ya Butere inaondoka saa ngapi? (Wengi mno)

Uliza kwenye dirisha la tiketi, stesheni ya Kisumu. Ratiba hubadilika, na ukurasa huu haukati tiketi. Tafadhalini.

Kwa nini iliitwa Reli ya Uganda ilhali iliishia Kisumu? (Msomaji, Ahero)

Kwa sababu Kisumu ilikuwa Uganda. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, nchi hii kuanzia Naivasha kwenda magharibi ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mpaka ulisogezwa Aprili 1902, reli ikiwa tayari imefika. Wanaocheka kwamba "haikufika" wanasoma ya 1901 kwa ramani ya leo.

Kampala yenyewe ilifikiwa na reli mwaka 1931, tena si kwa kupitia kwetu. Njia mpya ilichepuka Nakuru, ikafika Eldoret 1924, ikaendelea mpakani. Kisumu iliyokuwa mwisho wa safari ikabaki kuwa tawi. Kile kipande cha Butere, kilomita 69, kilifunguliwa 1930 na hakikuendelezwa zaidi. Ukitaka kujua mbona stesheni za huko ni ndogo, anzia hapo: zilijengwa za kukusanya pamba na mahindi. Karani wa kuingia ofisini saa mbili hakuwa kwenye hesabu.

Stesheni yetu iko mbali na soko na kwenye kilima hakuna hata chumba. Nani alichora ujinga huu? (Msomaji, Luanda)

Aliyechora alikuwa anaogopa mabehewa kutoroka, na alikuwa na haki. Piga hesabu. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 50, yaani mita moja juu kwa kila mita 50 za njia, behewa la tani 40 linavutwa kuteremka kwa uzito wa kilo 800. Breki ikilegea usiku, asubuhi utalikuta kijiji kingine, au mtoni. Kwenye mwinuko wa 1 kwa 400 mvuto huo ni kilo 100 tu, kiasi ambacho ugumu wa magurudumu kuzunguka unakaribia kukizuia. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kuweka stesheni mahali pasipozidi 1 kwa 400, na tambarare kabisa ni bora zaidi. Katika vilima vyetu mahali pa namna hiyo ni pachache. Wakati wa injini za mvuke kulikuwa na sharti la pili, maji. Soko likafuata barabara, na barabara haijali mwinuko.

Tumesikia stesheni zitapakwa rangi na kuwekewa mabenchi. Je, tutaanza kwenda kazini Kisumu kwa treni kama watu wa Syokimau waendao Nairobi? (Msomaji, Maseno)

Hapa nitakaa kidogo, maana kila mwanasiasa anayepiga picha na ndoo ya rangi hupata makofi asiyostahili.

Reli yenu ni moja. Treni mbili zinazokabiliana hupishana mahali pamoja tu: kwenye njia ya kupishana, ile reli ya pili inayojitenga mwanzoni mwa stesheni na kurudi mwisho wake. Tuseme njia mbili kama hizo zimeachana kwa kilomita 15 na treni inakwenda kilomita 30 kwa saa. Dakika 30 za mwendo, na kama 5 za kupeana kibali na kugeuza pointi, pale reli inapogawanyika: 35. Treni ya kurudi inataka 35 zake. Kwa hiyo jozi moja ya treni, kwenda na kurudi, inakula dakika 70. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, treni ya pili ikiingia mjini una bahati. Jenga njia ya kupishana katikati na kila kipande kinakuwa kilomita 7.5, dakika 20 kwa treni, 40 kwa jozi. Sasa unapata tatu. Matatu zisizosubiri mtu ndizo mshindani wako, na abiria hatazami rangi ya ukuta.

Ulizeni pia urefu. Injini na mabehewa sita ya mita 20 ni karibu mita 140. Ongeza nafasi ya kusimama ndani ya alama za kikomo pande zote mbili, inafika mita 200 hivi. Treni ya mizigo yenye mabehewa 30 ya mita 14 inahitaji mita 420 kabla hujahesabu injini. Ikiwa njia yenu ni fupi, mzigo hauwezi kujibanza kupisha abiria. Itabidi nyinyi ndio msubiri, kisha mseme reli ni wazembe.

Halafu pointi zenyewe. Ulimi wa pointi, kile chuma chembamba kinachosogea, lazima ulale kabisa ubavuni mwa reli. Kokoto au donge la udongo likikwama pale na kuacha upenyo wa milimita 5, gurudumu laweza kuuchokoa ulimi badala ya kuufuata, na behewa linaanguka. Sasa nenda kaone stesheni za njia ya Muhoroni na Chemelil siku ya soko: maganda ya miwa na chupa za plastiki zimejaa palepale kwenye pointi. Kufagia hapo kila asubuhi ni kazi ya mtu mmoja na ufagio, na ina faida kuliko benchi.

Mwisho wa njia kuna jambo jingine linalosahauliwa. Injini ikifika Butere inafunguliwa, inasonga mbele kupita pointi, inarudi kwa njia ya pembeni, inafungwa upande wa pili, kisha breki zinajaribiwa upya. Hesabu dakika 15 hadi 20. Treni zenye chumba cha dereva kila upande huepuka hayo yote, dereva anahama tu. Ndizo zilizonunuliwa zikiwa zimetumika kutoka Mallorca, Hispania, mwaka 2020 kwa ajili ya Nairobi. Ombeni za namna hiyo. Rangi ije mwisho.

SGR inaweza kupita kwenye reli ya zamani? (Msomaji, Nakuru)

Haiwezi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake viwili, SGR, ile reli mpya, 1,435. Hili nimelijibu safari zilizopita.

Karibu na stesheni kuna shimo refu la mawe katikati ya reli. Wazee wanasema lilikuwa kaburi la vibarua. (Msomaji, Koru)

Ni shimo la majivu. Injini ya mvuke ilisimama juu yake, fundi akakokoa tanuru majivu yakadondoka, naye akashuka kukagua mashine kwa chini. Tazama kando yake utaona msingi wa tangi la maji. Msichimbe kutafuta mali, hakuna. Na wanaong'oa mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, kuyauza vyuma chakavu wajue taruma moja likikosekana, jirani zake hubeba mzigo wake na reli mbili huanza kuachana.

Nimeuziwa ploti kando ya stesheni kwa bei nzuri, barua ya chifu ipo. (Msomaji, Yala)

Barua ya chifu si hati. Uwazi unaouona pale ni nafasi ya njia za pembeni, ghala na landhi za wafanyakazi, hata kama nyasi zimeota. Kabla ya kulipa senti nyingine: fanya upekuzi wa namba ya ploti kwenye ofisi ya ardhi, chukua ramani ya eneo, mlete mpimaji mwenye leseni atafute bikoni, kisha uliza Shirika la Reli kwa maandishi. Upekuzi peke yake hauonyeshi mipaka, na hapo ndipo wengi huumia. Kama pesa zimeshatoka, muone wakili wiki hii, usianze kujenga ili "kujihakikishia".

Stesheni ipi iko juu zaidi, Mau Summit au Timboroa? (Msomaji, Molo)

Timboroa, futi 9,001.