Dakika tano za kuyeyuka: kwa wauguzi wapya wa tiba mgando

Wadogo zangu mnaoingia kliniki ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, mashine ya tiba mgando, yaani ya kugandisha kwa baridi kali sehemu ya mlango wa kizazi yenye mabadiliko ya awali kabla hayajawa saratani, mtaizoea upesi. Ni mtungi wa gesi, mpira, mpini na ncha ya chuma. Gesi iliyobanwa ikipenya kwenye tundu dogo hutanuka na kupoa ghafla. Kwa naitrasi oksaidi, ncha hufika karibu nyuzi 89 chini ya sifuri. Kinachochelewa kukomaa ni jicho na subira.

Naanza na subira, maana foleni ya akina mama nje ya mlango huwa inatusukuma. Gandisha dakika 3, acha iyeyuke dakika 5, gandisha tena dakika 3. Wapya wengi hudhani zile tano ni za kupumzika, kumbe sehemu kubwa ya tiba iko humo. Baridi ikiingia, maji yaliyo nje ya seli huganda kwanza, seli ikanyonywa maji na kusinyaa. Baridi ikizidi, barafu hujiunda hadi ndani ya seli. Inapoyeyuka taratibu, fuwele ndogo huungana zikawa kubwa na kurarua utando, maji hurudi ndani na seli ikafura, na vimishipa vya damu vilivyoumia huanza kuziba. Mgando wa pili huikuta nyama imeshadhoofika, ukazama ndani zaidi. Madaktari wanaogandisha uvimbe wa figo kwa sindano za gesi ya agoni nao hufuata mpango huohuo: kugandisha, kuyeyusha, kugandisha tena. Kwa hiyo tumia saa. Usikisie.

Angalia na ukingo wa barafu. Pale weupe wake unapoishia joto ni kama nyuzi sifuri tu, na sifuri haiui seli. Ndiyo maana barafu lazima ivuke ukingo wa ncha kwa milimita 4 hadi 5. Isipofika huko, kagua presha ya mtungi. Na ncha ikiwa bado imeshika, usiivute. Ngoja ijiachie yenyewe.

Yote hayo ni bure kama umemchagua mama asiyefaa. Paka siki, subiri dakika nzima, mulika vizuri. Eneo lililogeuka jeupe kwa siki likizidi robo tatu ya mlango wa kizazi, likiingia ndani ya mfereji wake, au ncha isipoweza kulifunika lote, tiba mgando haimfai. Mjamzito pia mwahirishe. Ukiona kidonda, uvimbe au nyama inayotoka damu ikiguswa tu, weka ncha chini kabisa: sisi tunatibu mabadiliko ya awali, na kugandisha juu ya saratani iliyokwisha kuota kunamcheleweshea mama matibabu yake. Hapo mimi sina mjadala na mtu yeyote.

Vituo vingi vinahamia kwenye mashine ya joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitolea mwongozo mwaka 2019, kwa kuwa haihitaji mitungi. Uchaguzi wa mgonjwa haubadiliki sana.

Mkiongea na mama, mwambieni ukweli kabla hamjaanza: tumbo litamkaza kama siku za hedhi, na majimaji yatamtoka kwa wiki kadhaa. Asikutane na mumewe kwa wiki 4, ikishindikana, kondomu. Hili la mume msilipitie juu juu. Wapo wanaoogopa kulisema nyumbani, basi muulize kama angependa mumewe aitwe mliongee pamoja. Homa, maumivu makali, usaha wenye harufu au damu ya mabonge, arudi siku hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja apimwe tena, na anayeishi na VVU mkazieni zaidi.

Unayempa rufaa usimwachie karatasi mkononi ukamaliza. Andika namba yake ya simu na ya ndugu yake, mweleze kwa Kiswahili chepesi anakwenda kufanyiwa nini, na baada ya wiki mpigie umuulize kama alifika.