Mechi ichezwe, lakini vita vitajwe

Kwa Mhariri,

Swali la jarida lenu wiki hii linasema: vita vikizuka katika nchi ya mbali, je, ni haki mechi zilizopangwa siku hiyo ziendelee kuchezwa? Jibu langu ni kwamba zichezwe, lakini kwa sharti moja ambalo waandaaji wengi hawalitimizi, nalo ni kuwa vita hivyo vitajwe pale pale uwanjani, kwa jina la nchi inayopigwa, mbele ya watu waliokuja kutazama.

Nachukua mfano wa Alhamisi ya tarehe 20 Machi 2003. Alfajiri ya siku hiyo, yapata saa kumi na moja na nusu, nayo ni saa ile ile Baghdad na Mombasa, Marekani ilianza kuushambulia mji wa Baghdad. Alasiri yake Kenya iliingia katika uwanja wa Kingsmead, mjini Durban, kupambana na India katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, hatua ambayo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Testi, yaani zile mechi ndefu za siku kadhaa za mataifa makubwa ya kriketi, iliyowahi kuifikia. India walipata mikimbio, yaani alama, 270 kwa kupoteza wiketi 4, maana yake wapigaji wanne tu walitolewa, nahodha wao Sourav Ganguly akimaliza na mikimbio 111 bila kutolewa. Wachezaji wetu walitolewa wote wakiwa na 179, na nahodha Steve Tikolo ndiye aliyejitahidi kuliko wenzake kwa kupata 56. Kushindwa kule hakukuifuta heshima waliyotupatia, na hata leo nawashukuru.

Nyumbani kwetu wazee walitaka habari za Iraq na vijana tulitaka mechi, na pande zote mbili zilikuwa na haki. Katika mji huu, ambamo nyumba nyingi zina mtu aliyekwenda Arabuni kutafuta riziki au ukoo uliotoka huko, Baghdad haikuwa nchi ya mbali kwa maana inayokusudiwa na swali lenu. Kilichoniumiza ni kwamba runinga ilitutaka tuchague. Katika matangazo ya mechi niliyoyatazama sikusikia hata sentensi moja ya kukiri kwamba vita vimeanza siku ile, na tulipohamia idhaa ya habari tukayakuta mabomu peke yake, kana kwamba mambo hayo mawili yanatokea katika sayari mbili.

Huenda msomaji akasema kwamba wanamichezo hawajui mambo ya vita na hawapaswi kuyaingilia. Kombe lile lenyewe linatoa ushahidi wa kinyume. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise, hapa Kikambala, ililipuliwa, wakauawa watu 13, wengi wao Wakenya, na siku hiyo hiyo makombora yakarushwa kulenga ndege ya abiria ya Israel iliyokuwa ikiondoka katika uwanja wetu wa ndege wa Moi. Miezi mitatu haikutimia kabla ya New Zealand kukataa kuja Nairobi kucheza na Kenya kwa sababu za usalama, na pointi za mechi ile tukapewa sisi. Simlaumu mchezaji anayehofia uhai wake. Lakini waandaaji, wachezaji na watangazaji waliokuwa na maneno ya kutosha kuizungumzia Mombasa mwezi wa Februari hawawezi kudai kwamba mwezi wa Machi, zamu ya Baghdad ilipofika, michezo haikuwa na ulimi wa kuyasema mambo hayo.

Historia nayo inaonyesha jinsi wenye ligi wanavyoupima umbali wa vita. Ujerumani iliivamia Poland Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 1939, na Jumamosi iliyofuata mechi za ligi ya kandanda zilichezwa Uingereza kama kawaida. Jumapili Uingereza ilipotangaza vita, ligi ikasimamishwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa tarehe 26 Machi 2015, nayo pia ilikuwa Alhamisi, na India walikuwa tena katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, safari hii wakicheza na Australia mjini Sydney. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege za muungano ulioongozwa na Saudi Arabia zilianza kuipiga Yemen, na mji wa Sanaa ukashambuliwa. Ni familia ngapi za Mombasa zenye asili ya Hadhramaut, ambazo bado zinatumiana salamu, mahari na habari za misiba na jamaa zao wa Yemen, zilizoamka asubuhi ile zikishika simu kwa hofu! Mechi iliendelea, Australia wakashinda kwa mikimbio 95, na kwa mara ya pili nikakaa mbele ya matangazo marefu nisisikie jina la nchi iliyokuwa ikipigwa.

Wako wanaotaka kila mchezo usimame. Naiheshimu huruma yao, lakini nadhani wanawaamulia watu walio vitani jambo ambalo hawakuliomba. Wairaki wenyewe, wakiwa katika mwaka wa tano wa umwagaji damu, walitwaa Kombe la Asia tarehe 29 Julai 2007 mjini Jakarta kwa kuifunga Saudi Arabia 1-0, bao la Younis Mahmoud. Siku nne kabla yake, mashabiki waliokuwa wakisherehekea ushindi wa nusu fainali mitaani Baghdad walishambuliwa kwa mabomu, wakafa zaidi ya hamsini, na bado timu ikaenda kucheza fainali. Nani angesimama mbele ya watu hao na kuwaambia kwamba mpira ni utovu wa adabu wakati wa msiba?

Kutaja vita uwanjani kunawezekana, na kumefanyika. Tarehe 10 Februari 2003, katika Kombe lile lile la kriketi, Andy Flower na Henry Olonga wa Zimbabwe walifunga vitambaa vyeusi mkononi mjini Harare kuomboleza kufa kwa demokrasia katika nchi yao, na mchezo haukuharibika kwa kitendo hicho. Tarehe 24 Februari 2022, siku ambayo Urusi iliivamia Ukraine, wachezaji wa Napoli na Barcelona walisimama pamoja kabla ya mechi yao nyuma ya bango la kutaka vita vikomeshwe, kisha wakacheza. Nawasifu kwa hilo, na nauliza kwa dhati ni kwa nini Yemen haikupata bango kama lile.

Kwa hiyo ningependa waandaaji wa mashindano hapa Pwani, yakiwemo yale ya usiku wa Ramadhani ambayo hukusanya vijana wa kila mtaa, wawe na utaratibu unaojulikana mapema, ili vita vinapozuka wasianze kubishana kuhusu nchi ipi inastahili na ipi haistahili. Mwenye kipaza sauti ataje nchi na watu wake, iwe Yemen, Sudan, Kongo au Ukraine, bila kuhutubia na bila kuchagua chama. Na mchezaji mwenye jamaa huko, akiomba kutocheza siku hiyo, aruhusiwe kukaa na watu wake bila kutakiwa kujieleza mbele ya wenzake, na nafasi yake kikosini imngoje mpaka atakaporudi.

Msomaji wenu, Mombasa