Mboga za Porini: Si Kila Sumu Huondoka kwa Moto

Je, ni kweli kwamba mmea wowote ukichemshwa sana sumu yake huisha?

Si kweli, na imani hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nyingine zote. Oksaleti, yaani kemikali ya asili inayochangia mawe ya figo, iliyomo katika mchicha pori hupungua majani yanapochemshwa na maji yake kumwagwa, jambo lenye manufaa hasa kwa mtu aliyewahi kupata mawe ya figo. Lakini sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides hubaki vilevile, uchemshwe, ukaangwe au ukaushwe. Kwa kawaida mlaji huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 au zaidi, kisha hupata nafuu ya muda ilhali ini lake linazidi kuharibika. Kwa hiyo anayeshuku kwamba ameula aende hospitali mara moja, hata kama hajaumwa, na achukue mabaki ya uyoga huo.

Uyoga ukiwa umeliwa na wadudu au konokono, si dalili kwamba ni salama?

Hapana. Konokono hula bila kudhurika uyoga unaoweza kumuua binadamu.

Nitautambuaje mnavu nisije nikachuma mmea mwingine?

Mnavu una maua madogo meupe yenye kiini cha manjano, na matunda yake ni ya mviringo, laini, yanayoota kwa vishada. Datura, ambayo huota katika mashamba yaleyale, ina ua kubwa lenye umbo la tarumbeta na tunda lenye miiba. Sumu yake hukausha kinywa, hupanua mboni za macho na humfanya mtu aweweseke, wala kuipika hakuiondoi. Hatari kubwa zaidi ni mimea yote miwili inapokuwa michanga, haijatoa maua, kwa kuwa wakati huo ndipo majani ya mnavu yanapotamanika. Asiye na uzoefu achume tu pale alipoufuatilia mmea huohuo hadi ukachanua, au aongozane na mtu anayeujua vizuri. Matunda ya mnavu yaliyo bado ya kijani yasiliwe, kwani yana sumu iitwayo solanini.

Naweza kuchuma mboga kando ya barabara kuu?

Nakushauri usichume. Petroli yenye risasi, yaani metali nzito yenye sumu, iliacha kuuzwa kwa ajili ya magari duniani kote mwaka 2021, lakini risasi iliyokwisha kuingia ardhini kutokana na moshi wa magari haiozi, na kuosha majani huondoa vumbi tu.

Nipikeje mgagani ili uchungu upungue bila kupoteza virutubisho?

Huwezi kupata yote mawili kikamilifu, kwa sababu maji yanayobeba uchungu ndiyo hayohayo yanayobeba vitamini C. Mimi huona afadhali kuchagua majani machanga, kuyaosha kabla ya kuyakata, kuyatia katika maji yanayochemka tayari kwa dakika chache, kisha kuyachuja na kuyamalizia kwa kitunguu na nyanya. Kama hujawahi kula mgagani, anza na kiasi kidogo, usubiri hadi kesho yake ndipo uongeze.