Kabla hujalipia hicho kisanduku cha taa ya zambarau

Usilipie. Kama umekwisha kulipa, dai fedha zako leo, kabla kifurushi hakijatoka ghalani. Dada uliyeandika hapa kwamba umekodi chumba cha kusafishia nyuso na kuondolea nywele ndani ya saluni huko San Diego, na kwamba unataka kununua kisanduku cha miale ya urujuanimno (UV), kinachodaiwa kuua vijidudu, ili usipoteze muda wa kuosha vibano kati ya mteja na mteja, umenikausha mate, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi nilipofungua chumba changu katika jimbo hilohilo la California. Umeuliza pia habari za kuhamisha leseni kutoka Texas, aina ya nta ya kuondolea nywele, na bei za kuwatoza wateja. Hayo tutayazungumza siku nyingine; leo ni vyombo.

Kisanduku hicho hakifanyi kazi unayoitarajia. Miale huua vijidudu pale tu inapogusa, na kibano kilicholala ndani ya kisanduku kimejaa mahali ambapo miale haigusi: katikati ya meno yake, upande uliolalia wavu, na chini ya tone la nta lililoganda. Taa yenyewe inapozeeka huendelea kutoa mwanga wa rangi ileile huku nguvu yake ya kuua ikiwa imepungua, nawe huna macho ya kuiona tofauti hiyo. Kanuni za California kuhusu vyombo visivyo vya umeme ziko wazi: kwanza chombo kioshwe kwa sabuni na maji, kisha kizamishwe chote katika dawa iliyosajiliwa na EPA, yaani wakala wa serikali kuu ya Marekani wa kulinda mazingira, dawa inayoua bakteria, kuvu na virusi, kwa namna na muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Baada ya hapo kihifadhiwe mahali safi palipofunikwa na penye lebo. Katika hatua zote hizo taa haimo.

Najua utakachojibu, kwa sababu mimi nilikijibu hivyohivyo: kwamba mbona kisanduku kina nambari ya EPA. Hapa ndipo nilipouzwa mchana kweupe. Muuzaji wangu alikuwa kwenye maonyesho ya bidhaa za urembo, amevaa koti jeupe la kidaktari ambalo nina hakika lilikuwa limekodiwa pamoja na meza. Alinigeuzia kisanduku, akanionyesha maandishi mgongoni, akasema, "Unaona mama, serikali imekipitisha." Nilichokiona ni "EPA Est. No." na tarakimu zake. Hiyo ni nambari ya kiwanda kilichotengeneza kifaa, basi. Haisemi kwamba kifaa kimepimwa na kuonekana kinaua chochote, kwa kuwa vifaa vya aina hiyo havisajiliwi na EPA kama zinavyosajiliwa dawa. Nambari unayoitafuta ni "EPA Reg. No.", nayo utaikuta kwenye chupa ya dawa ya maji au ya unga. Herufi chache zile zilinigharimu zaidi ya kodi ya chumba, na yule bwana hadi leo simu yangu haipokei, ingawa zamani alikuwa akinitumia salamu za sikukuu zote, hata zisizonihusu.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa sababu huwezi kuniamini kwa nadharia tu. Nilikuwa na vibano viwili na kikamulio kimoja cha chunusi. Nikimaliza mteja, nilipangusa vyombo kwa pamba yenye spiriti, nikaviweka kisandukuni, nikafunga mlango, taa ikawaka vizuri ajabu. Kwenye mtihani wa leseni swali hilo nilikuwa nimelijibu sawasawa kabisa, kwa hiyo usidhani sikujua. Nilijua, lakini ile taa ilinipa ruhusa ya kusahau. Akaja bibi harusi na wapambe wake, siku chache kabla ya sherehe, wakitaka kusafishwa uso na kuondolewa nywele za nyusi na za juu ya mdomo. Niliwahudumia mmoja baada ya mwingine kwa vyombo vilevile, huku kisanduku kikifunguliwa na kufungwa mithili ya mlango wa duka siku ya mshahara. Kabla harusi haijafika, wawili kati yao walikuwa na majipu usoni. Daktari alichukua sampuli ya usaha, na majibu yakawa ni bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Katika picha za harusi ile kila mtu anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, na mpiga picha alisifiwa sana kwa ubunifu.

Bakteria hao huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wasioumwa, hivyo ningeweza kubisha kwamba wapambe walikuja nao wenyewe, na nilijaribu kubisha. Mkaguzi wa bodi ya jimbo inayosimamia saluni hakubishana nami. Alifungua kisanduku, akachukua kibano kimoja, akakitanua chini ya mwanga wa dirishani, akanionyesha unywele ulioshikwa na nta kavu ndani ya meno yake. Kisha akauliza mtungi wangu wa dawa uko wapi. Ulikuwepo kabatini, haujawahi kufunguliwa. Nilitozwa faini, nikarudisha fedha za watu, nikapokea barua ya wakili, na bima yangu ikapanda. Tena jamii yetu unaijua: habari zilifika Likoni, kule Mombasa, kabla sijamaliza kulipa faini, na shangazi yangu alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli nimewaunguza watu nyuso kwa tindikali.

Kwa hiyo shika jambo moja hili: osha kwanza, kisha zamisha, na usikitoe chombo kabla muda ulioandikwa kwenye lebo haujaisha. Dawa ikikutana na mafuta, ngozi iliyokufa au damu, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo, na vijidudu vilivyojificha chini yake hubaki salama. Nta ni mbaya zaidi kwa kuwa hairuhusu maji kupenya. Iondoe kwanza kwa mafuta ya kuondolea nta, ndipo uoshe kwa sabuni na brashi, huku kibano kimetanuliwa na mkasi umefunguliwa. Suuza, kausha, kisha zamisha. Ukikizamisha kikiwa kinachuruzika, unaizimua dawa kidogo kidogo mchana kutwa. Ile ya bluu iitwayo Barbicide huchanganywa aunsi 2 kwa aunsi 32 za maji, na chombo hukaa humo dakika 10, kimefunikwa chote pamoja na mpini. Kuongeza dawa ili kupunguza dakika hakusaidii, isipokuwa unapenda kununua vyombo vilivyoliwa na kutu. Hata anayetumia otoklevu, mashine ya mvuke ya hospitalini, huosha kwanza. Kisichoweza kuoshwa na kuzamishwa, kama pamba, sifongo na vijiti vya mbao, hutupwa mara tu mteja anapoondoka.

Ukiona ninakutisha kwa majipu tu, basi fikiria virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na ambavyo havisubiri uone damu. Huko Albuquerque, New Mexico, mwaka 2018 spa moja isiyokuwa na leseni ilifungwa baada ya mteja wa huduma ya kuchomwa sindano ndogo usoni na kupakwa damu yake mwenyewe kugundulika na VVU. Wachunguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya friji ya jikoni, pamoja na chakula, wala otoklevu haikuwepo. Vyombo vilikuwa vikipulizwa na kupanguswa juujuu tu. Hapo palikuwapo pia maovu makubwa kuliko yangu, sikatai, lakini lile la kupangusa tulikuwa nalo sote. Na hapohapo California, mjini Watsonville, mwaka 2000, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walitokwa na majipu miguuni kutokana na beseni za kuoshea miguu. Nyuma ya vichujio vyake palikutwa nywele na ngozi zilizorundikana.

Kuhusu nta, kwa kuwa umeitaja: usichovye kijiti kimoja mara mbili, hata kwa mteja yuleyule, hata awe mama yako mzazi. Kuna watakaokuambia kwamba joto la nta huua kila kitu. Nta inayovumilika juu ya mdomo wa binadamu haina joto la kuua, na ingekuwa nalo ungekuwa na kesi ya aina nyingine.

Ugonjwa wenyewe hauko kwenye kisanduku, dada. Uko kwenye uchache wa vyombo. Mwenye vibano viwili na miadi ya kila robo saa atatafuta njia ya mkato, na muuzaji wa koti jeupe anajua hivyo. Kwa fedha za hicho kisanduku utapata vibano vya chuma cha pua vya kutosha siku nzima, mitungi miwili yenye vifuniko, na saa ya jikoni ya kuhesabia dakika. Kila mteja apate seti yake. Kilichotumika kiende kwenye chombo chenye lebo ya vichafu, uvioshe vyote kwa pamoja unapopata nafasi. Wakati huohuo, piga picha lebo ya dawa uliyonayo sasa, ule upande wa nyuma wenye maandishi madogo, uiweke hapa tuisome pamoja kabla hujampokea mteja wa kwanza.