Pamba mdomoni mwa samaki: kabla hujatia dawa, nisikilize

Jumapili usiku nilikuwa natarizi shingo ya gauni la bibi harusi, simu ikalia. Msomaji mmoja wa Chumbageni ameniandikia kuhusu moli wake, samaki mdogo wa mapambo: "Shikamoo dada. Moli wangu mweusi ana pamba mdomoni tangu juzi. Nimepandisha hita mpaka 31 kama walivyoniambia dukani, na wamesema nitie na ile dawa ya kuku. Nitie kiasi gani?"

Nikaweka sindano chini. Nikamjibu: usitie kitu, na hita izime sasa hivi. Kisha nikabaki nimekaa, gauni mapajani, mikono haitulii. Alichokiandika yule mdogo wangu ndicho nilichokifanya mimi masika ya mwaka juzi, hatua kwa hatua, hadi nyuzi zenyewe 31. Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa walisema kweli.

Kwa wageni: mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Makorora hapa hapa Tanga, na tangi langu kubwa liko pembeni ya meza ya kukatia. Mteja akija kupimwa, mtoto wake anaketi kwenye kigoda anatazama samaki. Nilianza na gapi sita, nao ni samaki wadogo wa mapambo kama moli. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: tangi la kwanza la kutazama, la pili la kuzalisha, la tatu la kuuza. Miezi ya mwanzo sitaisimulia, ni habari ya kubadilisha maji na kungoja. Niseme tu kwamba kufikia ile masika nilikuwa na samaki 19, wengi wao moli weusi niliowazalisha mwenyewe, na jike mmoja alikuwa akija kugonga kioo kila ninapowasha taa asubuhi.

Maji ya bomba yalikatika siku tatu. Yaliporudi yalikuwa na harufu ya klorini ya kuchoma pua. Klorini haina kosa, inawekwa ili sisi tusiugue matumbo, lakini kwa samaki inaunguza matamvua, pale anapopumulia. Kawaida yangu ni kuyalaza maji kwenye ndoo wazi usiku na mchana, harufu iishe, ndipo niyamimine. Siku hiyo nilikuwa na nguo za Idi, sikulaza. Nilitoa nusu ya maji ya tangi nikajaza ya bomba moja kwa moja. Na wiki hiyo hiyo nikapokea moli wanne kutoka Dar, wamesafiri kwenye basi ndani ya mfuko wa nailoni, nikawaachia ndani siku ile ile kwa sababu walikuwa wazuri na nilitaka wateja wawaone.

Siku ya nne, mmoja wa wale wageni ana mstari mweupe mdomoni. Kwa moli mweusi unauona vizuri, kama amepaka chokaa. Nikampigia simu aliyeniuzia. Jibu lake halikuchukua dakika: "Hiyo kuvu, dada. Pandisha joto, tia dawa ya bluu." Nikatii. Dawa ya bluu, methilini bluu, nikaimimina kwa kifuniko cha chupa. Lita ngapi za maji? Nilikisia mia mbili. Mimi ninayempima mtu bega, kifua, kiuno na nyonga kabla sijagusa kitambaa, sikuwahi kulipima tangi langu. Baadaye nilichukua tepu ya kushonea: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 45. Zidisha, gawa kwa elfu, unapata lita 162, na ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu isiyojaa, maji yenyewe ni kama lita 140. Nilikuwa nimezidisha dawa kwa kiasi kikubwa.

Asubuhi yake wamekufa watatu. Jioni watano wana alama nyeupe mgongoni, imekaa kama tandiko la punda. Hapo ndipo nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikanunua oksitetrasaikilini, antibayotiki ile ya unga wanayopewa vifaranga. Maji yaligeuka manjano, kisha kahawia, juu pakawa na povu. Siku ya pili waliobaki wote wako juu wanatweta, midomo hewani. Yule jike wa kugonga kioo nilimkuta asubuhi ya Ijumaa amelala ubavu kwenye kona, bado anapumua. Nilimshika mkononi mpaka akatulia. Kati ya 23 walibaki wanne. Kaka yangu aliniambia bora ningewakaanga mapema. Mji wetu samaki ni wa kukaangwa, nalijua hilo, lakini neno lile bado liko kifuani.

Sasa nieleze kilichotokea, maana ilinichukua miezi kukielewa. Aliyenifumbua macho ni mteja wangu mmoja, mtaalamu wa ufugaji wa perege, alikuja kushonesha kaunda suti. Nilipomsimulia aliniomba nikipata tena mwenye dalili hizo nimpelekee kabla hajafa. Mwezi wa pili nikampata. Alikwangua kidogo pale pembeni ya weupe, akaweka kwenye kioo, akaniita nitazame kwenye hadubini. Niliona vijiti vyembamba virefu, vinajikunja taratibu, na vingi vimesimama vimerundikana kama mabua ya mahindi yaliyofungwa pamoja. Akaniambia hiyo si kuvu. Ni bakteria, Flavobacterium columnare, na jina lake limetokana na zile nguzo nilizoziona. Kwa macho matupu ugonjwa wake unafanana na kuvu, ndiyo maana wengi wanadanganyika.

Na bakteria huyo anapenda joto. Maji yakizidi kupata moto anaongezeka kasi, na samaki anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kila nyuzi niliyoipandisha nilikuwa namwongezea yeye nguvu. Juu ya hapo, maji ya moto hayashiki hewa nyingi: kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba oksijeni kama miligramu 9, kwenye nyuzi 30 ni kama saba na nusu. Dawa niliyoizidisha na antibayotiki zikaua pia bakteria wema wanaoishi kwenye sponji ya chujio, wale wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Ukiwaua hao, tangi linarudi siku ya kwanza, na linahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga upya. Wale waliokuwa wanatweta hawakuwa na ugonjwa mpya. Walikuwa wanaungua kwa amonia.

Na sisi wa Tanga tusikilize zaidi. Ardhi yetu ni ya mawe ya chokaa, ndiyo hiyo iliyochongeka ikawa mapango ya Amboni. Maji ya kisima cha nyumbani kwetu nikiyapima kwa karatasi ya pH, kipimo cha utindikali au ualkali wa maji, yanasoma 8. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi, na joto letu linaongeza tena. Amonia kidogo ambayo kwa mtu wa Lushoto isingeleta msiba, kwangu inaua. Tena maji magumu ya chokaa yanaifunga oksitetrasaikilini, haifanyi kazi yake sawasawa. Niliua bakteria wema wengi, na mgonjwa hata hakufaidika.

Basi tazama kabla hujatibu. Kuvu ya kweli ni nyuzi ndefu, zimesimama ndani ya maji kama sufi, na mara nyingi inaota mahali palipokuwa na kidonda. Hii ya bakteria imelala, fupi, ya kijivujivu, inaanzia mdomoni au mgongoni na inasambaa haraka. Madoa meupe ni kitu kingine kabisa, ni chembe moja moja kama chumvi iliyonyunyizwa kwenye mapezi. Na kama unaona vumbi la dhahabu, zima taa usiku, washa tochi ya simu kwa ubavu, litang'aa: hicho ni kimelea kingine. Mimi nina kioo cha kukuzia ninachotungia uzi, ndicho ninachowatazamia samaki. Kilikuwa mezani hata siku ile na sikukishika.

Sasa niwape ushahidi, na kwa hili najivunia. Julai, kipupwe kimekaza na upepo wa kusi unavuma, mteja wangu wa Raskazone alinipigia simu ananililia. Gapi wake kumi na nne wana madoa, wanajisugua kwenye mawe. Nilikwenda na tepu yangu, karatasi za pH na kipimajoto. Nyuzi 24. Nilitazama kwa kioo: chembe moja moja, nyeupe, zimetuna. Hayo ni madoa meupe, kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Akiwa ndani ya ngozi ya samaki dawa haimpati. Anakua, anadondoka, anajifunga chini kwenye mchanga, anajigawa mamia kwa mamia, kisha watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Hapo wanapoogelea ndipo chumvi inapowaua. Joto linaharakisha mzunguko huo, na likifika kama nyuzi 30 linawazuia kuzaana.

Kwa hiyo kwake nilipandisha hita. Ndiyo, ileile niliyokwambia uizime. Polepole, kutwa nzima, mpaka 30, nikaongeza pampu ya pili ya hewa. Nikapima chumvi ya mawe kwenye mzani wa jikoni, gramu 2 kwa kila lita, nusu asubuhi nusu jioni, nimeikoroga kwanza pembeni. Kila siku alinyonya maji robo kutoka chini kabisa kwa mpira, kwa sababu wale waliojifunga wako kwenye mchanga, na akarudisha maji yaliyolazwa yenye chumvi ya kiasi kile kile. Siku ya nne madoa yakaisha na yule mteja akataka kuacha. Nikamkatalia. Tuliendelea mpaka siku ya kumi na nne. Alikufa mmoja, kumi na watatu wanaogelea mpaka leo, na wameshazaa.

Unaona basi. Joto lililoponya Raskazone ndilo lililoua Makorora. Hakuna "dawa ya samaki". Kuna dawa ya kitu fulani, na usipokijua hicho kitu unapiga risasi gizani huku watoto wako wamo humo humo gizani. Nasema kwa ukali kwa sababu nimewazika kumi na tisa chini ya mpapai, na wauzaji bado wanawaambia watu pandisha joto kabla hawajauliza hata samaki anaonekanaje.

Pima maji. Mtu akinieleza samaki wake anaumwa namuuliza maji kwanza, na mara nyingi hatufiki hata kwenye dawa: amefua sponji ya chujio kwa maji ya bomba, au umeme ulikatika usiku kucha, au ameongeza samaki kumi kwa siku moja. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi. Umeme ukikatika muda mrefu, kaa na pampu ya hewa ya betri. Na wageni wakae peke yao wiki nne, kwenye ndoo nyeupe ya lita 20 yenye sponji iliyokaa tangini. Ndoo nyeupe kwa sababu unaona kinyesi na kila kinachodondoka. Ndoo hiyo hiyo ndiyo wodi. Dawa iingie humo, tangi kubwa lisionje. Nyuma ya daftari la vipimo vya wateja ninaandika tarehe, joto, pH, nani hakula. Nawaomba nanyi muandike. Pima, andika, tazama. Nitarudia mpaka mchoke, mpimeni maji.

Yule wa Chumbageni nilimwelekeza hivi: mtoe moli peke yake kwenye ndoo, maji yaliyolazwa, hewa nyingi. Joto lishuke taratibu, funga chupa ya barafu ielee, usimtumbukize kwenye baridi ghafla. Chumvi gramu 40 kwa lita 20, kwa awamu. Moli anaipenda chumvi na bakteria huyo haipendi. Asimlishe kwa siku moja. Antibayotiki asiiguse mpaka aone daktari wa mifugo na kumwambia lita kamili, na hata hapo iishie kwenye ndoo. Lile tangi kubwa abadilishe robo ya maji kila siku na asiongeze kitu kingine.

Jana jioni amenitumia picha. Weupe haujaondoka mdomoni lakini haujafika kwenye macho, mapezi ameyafungua, na kwenye ndoo kuna nyuzi 26. Ameniuliza kama anaweza kumrudisha kwa wenzake Jumamosi. Nimemwambia hapana, na anitumie vipimo vya tangi kubwa kwanza.