Endoskopi ya mgongo kwa bingwa wa mifupa aliyeko Moshi: aanzie wapi?

Dokta, umeuliza kama bingwa wa mifupa hapo Moshi, aliyezoea kufungua mgongo kwa mkato wa kawaida na kufanya athroskopi ya goti (kutazama ndani ya kiungo kwa kamera), aanze na endoskopi ya tundu moja, ambapo kamera na kifaa vinapita pamoja, au ya matundu mawili, kamera kwake na kifaa kwake. Kwa mazingira yetu nasema matundu mawili. Kamera, taa na lenzi ya milimita 4 unazo tayari kwa ajili ya goti, na vifaa vya kung'ata mfupa ni vilevile vya kila siku. Tundu moja linadai seti yake maalumu yenye koleo nyembamba, na koleo moja likivunjika ratiba yako imesimama.

Usimguse mgonjwa kabla mikono haijazoea kukutana pasipo kuitazama. Nunua uti wa kiuno wa nguruwe kwenye bucha la kitimoto, uzamishe majini, uchimbe ukitazama skrini tu. Vifaa vya mazoezi visirudi thieta.

Wagonjwa wa mwanzo wawe wenye diski (mto ulio kati ya pingili) iliyotokeza upande mmoja, L4-L5 au L5-S1, yaani diski mbili za chini kabisa kiunoni, na kama unatumia mkono wa kulia, upande wa kushoto. Ukisimama kushoto kwa mgonjwa aliyelala kifudifudi, kichwa chake kiko kushoto kwako: mkono wa kushoto unashika kamera juu, wa kulia unafanya kazi chini. Ukihamia upande wa pili mpangilio wote unageuka, na hapo ndipo wanaoanza hupotea. Diski iliyohama mbali, mgongo uliowahi kufunguliwa, TB ya uti na pingili zilizovunjika kwa ajali ya bodaboda si za kujifunzia. Mgonjwa aliyefungwa mkojo na kufa ganzi makalioni ni dharura: mfungue haraka kwa njia unayoijua.

Tumbo lining'inie huru, la sivyo mishipa ya vena ndani ya mfereji wa uti wa mgongo inajaa na damu haikauki. Hakikisha pingili kwa eksirei kabla ya kukata, kisha tena vifaa vikishafika kwenye mfupa. Matundu yawe sentimita 2 hadi 3 kati yake, yakutane ukingo wa chini wa lamina, bapa la mfupa lililo nyuma ya pingili. Maliza kazi ya mfupa kwanza, ligamenti ya manjano ikiwa bado mahali pake, kwa sababu ndiyo ngao ya utando wa neva.

Sasa maji, ambayo ndiyo roho ya upasuaji huu. Chupa ya maji ya chumvi ining'inie kama sentimita 50 hadi 70 juu ya mgongo. Mvutano wa dunia unatosha, pampu si lazima. Picha ikiwa nyekundu, anayeanza hupandisha chupa. Hapana! Tazama kwanza kama maji yanatoka. Tundu la kazi likiwa na fashia (utando mgumu unaofunika misuli) iliyokatwa kidogo mno, maji yanakwama, misuli inavimba, na shinikizo linapanda ndani ya mfereji hadi kichwani. Mgonjwa aliye macho atalalamika shingo na kichwa. Aliyelala usingizi hawezi, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi akuambie presha ikipanda ghafla bila sababu, nawe usimamishe maji mara moja. Panua fashia, kisha tafuta mshipa unaovuja uuchome kwa kifaa cha mawimbi ya redio, nguvu ikiwa ya chini karibu na neva. Maji yawe ya vuguvugu, hasa Juni na Julai. Lita nyingi za maji baridi humshusha mgonjwa joto.

Utando ukichanika kidogo, kiraka na kulala kitandani mara nyingi vinatosha. Ukichanika sana au nyuzi za neva zikitokeza, fungua ushone, na fomu ya ridhaa iwe imeshataja uwezekano huo kwa Kiswahili anachokielewa mgonjwa. Kamera na taa viwe kwenye betri ya akiba: jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo ncha ya kifaa chako iko kando ya neva usiyoiona.