Usipulize kipenga cha mwisho mpira ukiwa hewani

Mwamuzi chipukizi hufundishwa sana kipenga cha faulo, kile cha kumaliza mchezo akaachiwa ajifunze mwenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Hakuna aliyecheza rafu, hakuna aliyeotea. Unasimamisha mchezo kwa saa yako tu, na timu iliyo nyuma kwa bao moja haiiamini.

Sheria inakubana katika jambo moja: ukishatoa penalti, muda unaongezwa mpaka ipigwe na ikamilike. Kona na mpira wa adhabu havina haki hiyo. Clive Thomas wa Wales aliitumia sheria hiyo Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina. Brazil na Sweden zilikuwa 1-1, Brazil wakapiga kona, Zico akatia kichwa wavuni, kumbe kipenga kimeshalia mpira ukiwa njiani. Bao likakataliwa. Kisheria alikuwa sahihi, lakini mimi nasema ukiruhusu kona ipigwe, umeshawaahidi watu kitu. Kama muda umekwisha, puliza mara mpira unapovuka mstari, mpigaji hajafika kwenye kibendera. Kama shambulio limeshaanza, liache liishe.

Mimi husubiri mpira ufike mahali usipomtishia mtu, mfano golikipa ameudaka na kuubutua mpaka katikati ya uwanja. Dakika zilizoonyeshwa na mwamuzi wa akiba ni kiwango cha chini, kwa hiyo sekunde chache za kusubiri unazo. Kupunguza ndiko huruhusiwi.

Halafu kuna pumzi, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwishoni mwa kipindi cha pili kifua kimechoka. Ukipuliza huku unakimbia, mlio unakatika. Mabeki wanasimama, mshambuliaji anaendelea, na hapo ugomvi umeanza. Simama kwanza. Vuta hewa, bana kipenga kwa meno ya mbele, kisha puliza mara tatu, ule wa tatu uuvute, huku mkono ukionyesha katikati. Hizo mara tatu ni mazoea tu, sheria haikutaja idadi, ila kila mchezaji anazielewa.

Vaa saa mbili, na kabla ya kupuliza watupie macho wasaidizi wako. Mwaka 2022, Tunisia na Mali wakicheza Kombe la Mataifa ya Afrika huko Limbe, Cameroon, mchezo ulimalizwa kabla ya dakika 90 kutimia, na baadaye mwamuzi alieleza kuwa joto lilimzidi. Joto likiwa kali, usitegemee kichwa chako peke yako.

Ukishapuliza, usikimbilie chumbani. Mpaka utoke uwanjani bado una mamlaka ya kutoa kadi, na matusi mengi hutolewa dakika hizo. Kaa karibu na duara la kati, wasubiri wasaidizi wakufikie, na nahodha akija kulalamikia muda, mwonyeshe saa bila kubishana naye.